Bei Isiyokamilika: Ada Zilizofichwa katika Tiketi za Mtandaoni na Haki ya Mnunuzi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mtu aendaye sokoni Marikiti akauliza bei ya fungu la muhogo huambiwa bei moja. Akiridhika hutoa pesa, asiporidhika hupita akaenda kwa jirani. Hatujapata kumwona muuza muhogo aliyetaja shilingi hamsini, kisha mteja alipokwisha kutia fungu kikapuni akamwambia: sasa niongeze kumi za kukufungia, kumi za kukaa kwangu juani, na tano za kuzipokea pesa zako. Lau angetokea muuzaji wa namna hiyo, soko zima lingemcheka, na siku ya pili asingepata mteja.

Jambo hilo ambalo sokoni lingekuwa kichekesho, hufanywa kila saa katika uuzaji wa tiketi kwa njia ya intaneti, na wengi wetu tumelizoea hata hatulioni. Tiketi ya ndege, ya basi, ya boti, ya jumba la makumbusho au ya uwanja wa mpira hutangazwa kwa bei moja, na hulipwa kwa bei nyingine. Katika nchi kadhaa mambo haya yamefikishwa mahakamani, na sheria mpya zimetungwa kwa ajili yake. Ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Uingereza wanayakuta moja kwa moja, na sisi tulioko pwani tunayakuta kila tunapokata safari kwa simu. Ni vyema basi tuyatazame kwa macho mawili: jicho la sheria za nchi, na jicho la fikihi ya biashara ambayo wazee wetu waliisoma kwenye mikeka ya madrasa.

Bei ya tone kwa tone

Kwanza tufahamu jinsi mtego huu unavyotegwa. Mteja hufungua tovuti akaona bei kwa tarakimu kubwa. Huchagua siku, kisha kiti, kisha huandika jina lake, namba ya simu na barua pepe. Pembeni huenda pakawa na saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, ikimhimiza afanye haraka tiketi zisije zikamwishia. Ukurasa hufuatwa na ukurasa. Mwisho kabisa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kulipa, ndipo zijitokezapo ada: ada ya huduma, ada ya kushughulikia malipo, ada ya kutumia mtandao. Kila moja ina jina la heshima, na mara nyingi hapana awezaye kueleza moja inatofautianaje na nyingine.

Wataalamu wa masoko huliita jambo hili kwa mfano wa maji yanayodondoka: bei haimwagwi yote mara moja, bali hutolewa tone kwa tone. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walikusudia kusifu uwekaji wa akiba. Hapa kibaba kinachojazwa ni cha muuzaji, na haba zinazochotwa ni za mnunuzi asiyejua.

Huenda msomaji akauliza: kuna tofauti gani, ilhali mteja huiona jumla kabla hajalipa, naye ana hiari ya kuacha? Jawabu la swali hili lilipatikana kwa majaribio. Mwaka 2015 kampuni ya Marekani ya kuuza tiketi iitwayo StubHub iliwagawa mamilioni ya wateja wake makundi mawili. Kundi moja lilionyeshwa bei kamili pamoja na ada tangu mwanzo, na la pili lilionyeshwa ada mwishoni. Wachumi walioyachunguza matokeo walikuta kwamba waliofichwa ada walitumia kiasi cha asilimia 21 zaidi kuliko wale walioambiwa ukweli mapema, na walikuwa wepesi zaidi wa kukamilisha ununuzi kwa asilimia 14 hivi. Hata waliokwisha kuizoea tovuti hawakusalimika.

Sababu yake si ngumu. Mtu akishapoteza robo saa kuchagua na kuandika, akishawaambia watoto kwamba safari ipo, moyo wake huwa umekwisha kufunga mkataba kabla ya mkono. Kurudi nyuma huonekana kuwa hasara. Mwenye tovuti analijua hilo, na ndipo alipoiweka ada yake. Kwa hiyo hiari iliyobaki ni hiari iliyokwisha kudhoofishwa kwa makusudi.

Fundo la nafaka na chuchu zilizofungwa

Dini yetu haikuusubiri mtandao uje ndipo ilizungumzie jambo hili. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa, imetukataza kula mali za wenzetu kwa njia ya batili, ikahalalisha biashara iliyo na ridhaa ya pande mbili. Neno la kuzingatiwa ni ridhaa. Mtu haridhii kitu asichokijua. Ridhaa iliyotolewa juu ya bei ya elfu moja si ridhaa juu ya bei ya elfu moja na mia tatu.

Katika hadithi sahihi tunasimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye fundo la nafaka. Akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, yule muuzaji alijitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea nafaka. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatamka onyo zito kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi. Tuzingatie: yule muuzaji hakusema uongo wowote kwa ulimi. Nafaka ilikuwapo, na mvua kweli ilinyesha. Kosa lake lilikuwa mpangilio: kavu juu, mbichi chini. Na huo ndio mpangilio wa tovuti tunayoizungumzia, bei ndogo juu na ada chini.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mtume alikataza watu kumwacha ngamia au mbuzi bila ya kumkama siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Mnyama huyo fukahaa humwita musarrati. Hukumu yake ni kwamba aliyemnunua, akishamkama na kujua ukweli, ana hiari ya kubaki naye au kumrudisha, na akimrudisha atoe pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Humu mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hadaa ya macho ni hadaa hata kama hapana neno lililosemwa. La pili, na aghalabu husahauliwa, ni kwamba sheria haikuishia kumkemea muuzaji. Ilimpa mnunuzi haki ya kudai na ikamwekea njia ya kuipata. Tena haikumruhusu anufaike kwa zaidi ya haki: maziwa aliyokunywa ayalipie kwa tende. Mizani hiyo tutairudia.

Mfano wa tatu ni najshi, yaani mtu asiyetaka kununua kujitia kupandisha bei ili wengine wababaike. Saa ya uongo inayohesabu dakika, au tangazo la kwamba zimebaki tiketi mbili ilhali zimebaki mia mbili, ni jamaa wa karibu wa najshi. Zote zinakusudia kumwondolea mnunuzi utulivu wa kufikiri.

Yaliyoamuliwa katika nchi za wenzetu

Kanada ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuwafikisha wauzaji mbele ya sheria. Mwaka 2019 kampuni ya Ticketmaster ilikubali kulipa faini ya dola milioni 4 za nchi hiyo, pamoja na nusu milioni za gharama. Hii ni baada ya idara ya ushindani kuona kwamba bei zilizotangazwa hazikuweza kupatikana na mtu yeyote, kwa kuwa ada za lazima ziliongezwa baadaye. Mara nyingi ada hizo zilizidi asilimia 20 ya bei, na mara nyingine zilizidi asilimia 65. Mwaka 2022 sheria ya ushindani ya nchi hiyo ikarekebishwa ili itaje waziwazi kwamba bei ya tone kwa tone ni upotoshaji, isipokuwa kilichoongezwa kiwe ni kodi inayotozwa kwa amri ya serikali.

Kisha ikaja kesi ya Cineplex, kampuni kubwa ya majumba ya sinema nchini humo. Mwezi wa Juni mwaka 2022 ilianza kuwatoza wanunuzi wa mtandaoni ada isiyozidi dola moja na nusu kwa tiketi. Aliyenunua dirishani hakutozwa. Kampuni ilijitetea kwamba ada ilionekana kwenye ukurasa ule ule. Baraza la ushindani lilipotazama lilikuta kwamba mteja hakuweza kuiona ila ateremshe ukurasa. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 likaitoza kampuni faini ya zaidi ya dola milioni 38.9 za Kanada, kiasi kilicholingana na ada zote zilizokusanywa tangu Juni 2022 hadi Desemba 2023. Tafakari, ewe msomaji: dola moja na nusu, ambayo mtu mmoja haoni haya kuiacha ipotee, ilikuwa milioni thelathini na nane na ushei ilipokusanywa kwa watu wengi. Dhulma ndogo kwa kila mtu ni dhulma kubwa kwa umma.

Nchini Marekani, mwanasheria mkuu wa jiji la Washington aliishtaki StubHub mwezi wa Julai mwaka 2024. Alidai kwamba tangu mwaka 2015 kampuni hiyo iliwatoza wakaazi wa jiji hilo kiasi cha dola milioni 118 za ada zilizofichwa, na kwamba mnunuzi hupitishwa kurasa zaidi ya kumi na mbili huku saa ikimharakisha. Hayo ni madai, na uadilifu unatutaka tuyaite kwa jina hilo, maana mshtakiwa naye ana haki ya kujitetea.

Jimbo la New York lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Agosti 2022. Inamtaka muuzaji aonyeshe gharama yote ya tiketi, pamoja na ada zake, kabla mteja hajaichagua, na bei hiyo isipande tena mpaka mwisho wa ununuzi. Aliyevunjiwa haki yake chini ya sheria hiyo anaruhusiwa kufungua kesi kwa jina lake mwenyewe, akadai hasara aliyoipata au dola 50, ipi iliyo kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo mawakili wa huko wamekuwa wakiwakusanya wanunuzi na kupeleka madai dhidi ya wauza tiketi. Mnamo tarehe 12 Mei 2025 ikaanza kutumika kanuni ya serikali kuu ya Marekani inayolazimisha bei kamili itajwe tangu mwanzo katika tiketi za maonyesho na michezo, na katika malazi ya muda mfupi kama hoteli. Uingereza nayo, tangu Aprili mwaka 2025, imepiga marufuku kutaja bei isiyojumuisha ada za lazima.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema tamasha na sinema hazituhusu. Naam, si kila kiuzwacho huko tungependa kukinunua. Lakini kanuni ya bei haichagui bidhaa. Tiketi ya ndege ya mama anayekwenda Umra na tiketi ya basi la mwanafunzi anayerudi chuoni zinapimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Si kila ada ni hadaa

Uadilifu una pande mbili, na muuzaji naye ana haki zake. Kutoza ada si haramu kwa dhati yake. Mwenye tovuti ana wafanyakazi, ana mitambo, na hulipa gharama za kupokea pesa. Akisema tangu mwanzo kwamba tiketi ni shilingi 1,500 na ada ya kununulia mtandaoni ni 100, jumla 1,600, amesema kweli. Mnunuzi akitaka atakwenda mwenyewe ofisini kuiepuka ada hiyo. Hapo hapana wa kumlaumu.

Vivyo hivyo kuna nyongeza za hiari: mzigo wa ziada, kiti cha dirishani, chakula cha safarini. Asiyezitaka hazilipi. Ubaya huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni ada ya lazima kutajwa baada ya mteja kuamua. Wa pili ni nyongeza ya hiari kutiwa alama ya kukubaliwa kabla, ili asiye makini ailipe bila ya kujua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2008 juu ya usafiri wa ndege inakataza jambo hilo. Inataka bei ya mwisho ionyeshwe wakati wote, na nyongeza ichaguliwe na abiria mwenyewe. Mlango wa tatu ni ada kupewa jina lisilo lake, mathali kuitwa kodi ilhali ni faida ya muuzaji. Huo ni uongo mtupu.

Swali la ndugu zetu walioko ughaibuni

Panapopatikana fidia, panapatikana pia mtihani wa nafsi. Swali ambalo familia zetu zilizoko New York na kwingineko huenda zikajiuliza ni hili: nilitozwa ada ya dola sita kwa kufichwa, na sheria inaniruhusu kudai dola 50. Je, pesa hizo ni halali kwangu?

Rai yangu ni kama ifuatavyo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Dola sita ni mali yako. Ilitoka mkononi mwako bila ya ridhaa iliyotimia, na kuidai hakuna shaka wala aibu. Dhana ya kwamba Muislamu mwema hunyamaza akidhulumiwa si ya dini. Kusamehe ni fadhila, lakini kusamehe ni kwa mwenye kuijua haki yake na akaweza kuitwaa. Asiyejua kwamba ameibiwa hajasamehe kitu.

Ama kinachozidi hasara yako, hapo pana mjadala wa kielimu. Ziada hiyo ina sura ya adhabu ya mali, na maulamaa wametofautiana juu ya kumwadhibu mtu kwa kumtoza mali yake. Kauli inayotegemewa na wengi katika madhehebu yetu ya Shafi ni kutoruhusu. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona yafaa. Kuna pia hoja ya kwamba sehemu yake hufidia muda na taabu za kufuatilia dai. Basi anayetaka njia ya salama atwae alicholipa na gharama zake za kweli, kisha kilichozidi akitoe kwa maskini au katika maslahi ya Waislamu. Hiyo ndiyo tende ya musarrati: haki ikirudi, irudi na mizani yake.

Lakini jambo moja halina mjadala. Mwenye kudai lazima awe alidhulumiwa kweli. Ikiwa wakala au wakili anakutaka ujaze fomu useme uliona bei hii ukalipa ile, nawe hukununua tiketi yoyote, au uliiona jumla tangu mwanzo ukairidhia, basi sahihi yako hapo ni ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo umetajwa miongoni mwa madhambi makubwa mno. Haifai kuondoa ghushi ya muuzaji kwa ghushi ya mnunuzi. Soma unachotia sahihi, uliza wakili atachukua fungu gani, na uweke risiti yako.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Wengi wetu hudhani kwamba haki hizi ni za nchi za mbali. Sivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inakwenda mbali zaidi. Inamkataza mtoa huduma kutoza ada, kwa jina lolote itakaloitwa, ikiwa mteja hakujulishwa ada hiyo kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma. Maneno hayo, kwa jina lolote itakaloitwa, ni kama kwamba yaliandikwa na mtu aliyekwisha kuona ukurasa wa mwisho wa kukatia tiketi. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 nayo imeitaja mikataba ya intaneti. Inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo ya msingi ya mkataba, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa kabla ya mkataba kufungwa. Aliyetendewa hila anaweza kuuvunja mkataba na kudai fidia, mradi atoe taarifa mapema.

Sheria hizi zimewahi kutumika. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaamuru watoa huduma za pesa za simu na benki waonyeshe gharama ya muamala kwenye skrini kabla mteja hajaukamilisha. Kila anayetuma pesa kwa mzazi wake kijijini ananufaika kwa amri hiyo, ajue asijue. Kilichowezekana katika kutuma pesa kinawezekana katika kukata tiketi.

Njia ya kufuata

Mama aliyekata tiketi nne za familia akakuta ametozwa zaidi ya alichoambiwa, afanyeje?

Kwanza, aweke ushahidi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Apige picha ya skrini ya bei iliyotangazwa mwanzo na ya jumla ya mwisho, na auhifadhi ujumbe wa malipo wa simu bila ya kuufuta. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Basi kuandika na kuhifadhi ni amri kabla hakujawa busara. Uzuri wa zama hizi ni kwamba tabia ya kupiga picha ukurasa wa kwanza haimgharimu mtu kitu.

Pili, amwandikie muuzaji kwa adabu: bei iliyotangazwa ilikuwa hii, nimetozwa hii, tofauti ni kiasi hiki, naomba nirudishiwe katika muda kadha. Aandike, asiishie kupiga simu, kwa kuwa maneno ya simu hayabaki. Wauzaji wengi hurudisha wakiona mteja anajua anachokisema.

Tatu, asipojibiwa apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Malalamiko ya mtu mmoja juu ya shilingi mia mbili huonekana madogo. Yakifika ya watu mia juu ya tovuti moja, huwa ni uchunguzi. Kwa hiyo jirani akikueleza kuwa naye yamemfika, mshauri naye aandike.

Nne, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sasa iko Mombasa pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila ya wakili, na sheria inataka hukumu itolewe katika muda wa siku sitini tangu dai kufunguliwa. Si kila dai la shilingi mia mbili litastahili safari ya mahakamani. Lakini kundi la watu ishirini waliolipia kifurushi cha safari, kisha kila mmoja akatakiwa aongeze elfu kumi ambazo hazikutajwa, hao wana jambo la kupeleka.

Ifahamike pia kwamba mahakama ya Kadhi, ambayo familia zetu huizoea, si mahali pa dai hili. Katiba imeiwekea mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaoridhia kuamuliwa humo. Kadhi anaweza kukupa nasaha, lakini hukumu ya tiketi ataitoa mwengine.

Neno kwa wauzaji walio miongoni mwetu

Haitakuwa insafu kuwasema wenye tovuti wa mbali tukawanyamazia walio karibu. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo wenye mabasi, wenye kukatisha tiketi za ndege, na waandaaji wa safari za Hija na Umra. Mzee aliyeweka akiba miaka kumi kwa ajili ya Umra huja na kiasi alichoambiwa, ameuza na mbuzi juu yake. Akifika wiki ya safari akaambiwa kuna ada ya usafiri wa ndani, ada ya karatasi na ada ya kiongozi wa kundi, hana pa kukimbilia. Atakopa kwa aibu, au ataiacha safari aliyokwisha kuwaaga watu kwa ajili yake. Kumfanyia hivi mwenye nia ya kuizuru Nyumba ya Mwenyezi Mungu ni jambo ambalo mwenye imani hapaswi kulilalia usingizi.

Dawa yake ni nyepesi. Andika bei yote katika karatasi moja, kilichomo na kisichomo, na umkabidhi mteja kabla hujapokea hata shilingi ya arbuni. Kama kuna gharama isiyojulikana bado, itaje kwamba haijulikani. Huenda mwenzako anayeficha akaonekana rahisi kuliko wewe kwa msimu mmoja. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba wauziani wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Baraka haionekani kwenye skrini, lakini mteja anayerudi mwaka wa pili na wanawe ni sehemu yake.

Nasi wanunuzi tunalo la kufanya leo, kabla ya mahakama na mamlaka. Tuwafundishe watoto wetu, ambao ndio wanaotukatia tiketi kwa simu zao, wasome mpaka ukurasa wa mwisho, na wasione haya kufunga tovuti iliyobadilisha neno lake. Tuwapendelee wauzaji wanaotaja bei kamili, japo bei hiyo ionekane kubwa kidogo mwanzoni. Na tukidhulumiwa tudai kwa ukweli, kwa ushahidi na kwa adabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wauzao kwa ukweli na wanunuao kwa ukweli, na atulinde na mali isiyo na baraka. Amin.